Alama ya Sita

Pikipiki ya marehemu ilikuwa inang'aa.

Inspekta Edinah Nabwile alisimama mlangoni mwa banda la vielelezo, nyuma ya kituo kidogo cha polisi pembezoni mwa Kitale, akaitazama. Siku sita zilizopita aliikuta pikipiki hiyo imelala mtaroni kwenye barabara ya Endebess, imejaa matope hadi kwenye taa, na mitungi miwili ya maziwa imepondeka kando yake. Leo rimu zilikuwa zinametameta, spoki zimepanguswa moja moja, na cheni iliyokatika, ambayo ilikuwa inaning'inia kwenye gia ya nyuma, ilikuwa inadondosha mafuta mapya.

"Matthew!"

Konstebo Matthew alikuja na kikombe cha chai mkononi.

"Naam, madam."

"Nani ameosha hii pikipiki?"

"Ni mimi, madam." Alisema kwa fahari, kama mtu anayengoja kupongezwa. "Ilikuwa na matope mbaya sana. Sasa nikasema, hii kitu ikipelekwa kortini vile iko, si ni aibu kwa kituo?"

"Na hii oil?"

"Cheni ilikuwa imeanza kushika kutu. Nikapaka kidogo tu."

Edinah alifumba macho, akahesabu hadi tano. Alipofumbua, Matthew alikuwa bado yupo. "Matthew, kuna mtu anashtakiwa mauaji kesho saa tatu kwa sababu ya hii cheni. Hii ni kielelezo. Matope ni kielelezo. Kutu ni kielelezo!"

"Pole, madam. Lakini pia nilifikiria mjane. Akiiona chafu hivyo ataumia."

Hapo ndipo hasira ilipomkaba vizuri, kwa sababu Matthew alikuwa anasema kweli tupu. Hakuwa amehongwa wala hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwema, na katika miaka kumi na minne ya kazi Edinah alikuwa ameharibiwa kesi nyingi zaidi na watu wema kuliko wezi.

"Nati uligusa?"

"Nati? Sikugusa. Mimi hata spana sina."

"Mungu mkubwa. Nenda duka lolote la spea uniletee cheni mpya ya saizi hii. Waambie tutairudisha. Na usiioshe njiani."

Simu ikalia. Alikuwa Mathenge, mkuu wa kituo.

"Edinah, hati ya mashtaka iko wapi? Kijana wa Bungoma analetwa kesho asubuhi na gari la saa kumi na mbili."

"Bado naangalia cheni, bosi."

"Unaangalia nini? Alikuwa na hiyo pikipiki siku mbili. Walikosana mbele ya watu Kiminini. Nyumbani kwake tumepata msumeno wa chuma. Unataka akuandikie barua?"

"Nipe hadi jioni."

"Jioni ni saa kumi na mbili," Mathenge alisema, akakata.

Kesi yenyewe, ukiisikia kutoka kwa Mathenge, ilikuwa nyepesi. Ngige alikuwa akibeba maziwa kutoka Endebess hadi Kitale, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi pikipiki ilikuwa kwa rafiki yake Hesbon, muuza vifaranga wa Bungoma, na kila Jumapili baada ya kanisa walikutana Kiminini, Hesbon akairudisha. Wiki tatu zilizopita Ngige alimwambia kuanzia mwezi wa sita hatamwazima tena. Hesbon akapandwa na hasira, akapayuka mbele ya watu: "Ukininyima, hata wewe hutaiendesha!" Jumatatu, siku moja baada ya Hesbon kuirudisha mara ya mwisho, saa moja asubuhi, cheni ilikatika, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu likakwama, na Ngige akarushwa mbele ya lori. Waendesha bodaboda waliofika kwanza walisema cheni imekatwa kwa msumeno. Kufikia saa nne Endebess nzima ilikuwa inasema hivyo.

Edinah alivua koti, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Aliwahi kukaa Cheptais miaka mitatu na pikipiki ya serikali, mahali ambapo fundi alipatikana siku ya soko tu, na cheni alijifunza kuihudumia mwenyewe kwenye ua wa nyumba yake. Ndiyo maana kila mwanamume aliyemweleza jinsi cheni inavyofanya kazi alikuwa anamchosha.

Alianza na kiungo cha kuunganishia, kile chenye kibanio kidogo kama pini ya nywele. Mtu akitaka kukuua kwa cheni bila kelele, hahitaji msumeno. Analegeza kibanio hicho tu, au anakigeuza nyuma mbele, na barabara inamalizia kazi. Kibanio kilikuwa mahali pake, kimebana, upande uliofungwa ukielekea mbele kama inavyotakiwa. Cheni ilikuwa imekatika mbali na hapo.

Akasogeza tochi kwenye bati la kiungo kilichokatika. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa hadi ukameremeta, na huo ndio watu waliuona wakapiga kelele za msumeno. Lakini msumeno huacha mistari. Huu ulikuwa umesuguliwa na lami. Upande wa pili, ambao haukugusa lami, ulikuwa umenyooka na kukonda kabla ya kukatika, kama chingamu iliyovutwa. Cheni haikukatwa. Ilivutwa hadi ikachoka.

Matthew aliporudi na cheni mpya, walizilaza mbili sambamba kwenye sakafu. Ile ya Ngige ilizidi mpya kwa chini ya unene wa njiti ya kiberiti.

"Hii bado ni mpya," Matthew alisema. "Itakatika aje?"

"Ndiyo nauliza."

Akarudi kwenye gurudumu. Kila pikipiki ina mistari midogo pande zote mbili za ekseli ya nyuma. Cheni ikirefuka, unavuta gurudumu nyuma kwa skrubu mbili ndogo, mstari kwa mstari. Gurudumu la Ngige lilikuwa alama ya sita, pande zote mbili sawasawa. Edinah aliizungusha cheni mpya kwenye gia, akasukuma gurudumu mbele hadi cheni ikalegea upana wa vidole viwili, jinsi inavyotakiwa. Akasoma alama. Ya tatu.

"Alama tatu zimezidi," alisema. "Hii cheni ilikuwa imekazwa kama waya wa ua. Weka mitungi miwili ya maziwa na mtu juu yake, gurudumu likidunda kwenye shimo, cheni inakosa pa kuenda."

Alihesabu skrubu kwa kidole. Alama moja ilikuwa mizunguko mitatu na kidogo ya nati. Kwa hivyo kuna mtu, au watu, waliokuwa wamekaza mizunguko kumi ambayo haikuhitajika. Akapangusa mafuta ya Matthew kwenye zile nati mbili ndogo na kuzimulika. Pembe zake zilikuwa zimetafunwa, kazi ya spana ya mdomo mpana inayoteleza. Lakini juu ya zile alama za kutafunwa kulikuwa na mng'aro safi wa spana ya pete iliyokaa sawasawa kwenye kila pembe. Vyombo viwili tofauti, na vyote vilikuwa vimetumika mara nyingi.

Alipiga picha nne, akapanda pikipiki ya kituo, akaenda Bungoma.

Mvua ilimkuta Kiminini na kumwacha Webuye. Alifika akiwa amelowa hadi soksi, na afisa wa zamu akataka kwanza ajaze kitabu, kisha akatafuta kalamu, kisha akatafuta ufunguo. Edinah alikuwa amebakisha ustahimilivu wa kijiko kimoja, na Hesbon akaumaliza katika sentensi ya kwanza.

"Mimi sikugusa cheni, madam. Sikugusa kabisa."

"Hesbon, usinichoshe."

"Haki ya Mungu. Nilirudisha tu pikipiki vile ilikuwa."

Alikuwa mtu mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na shati lake la kanisani, lile alilokamatwa nalo, lilikuwa limekunjamana. Edinah alimwaga mezani vitu vilivyochukuliwa nyumbani kwake: msumeno, koleo, spana ya mdomo mpana.

"Msumeno ni wa nini?"

"Vizimba, madam. Nakata waya ya vifaranga."

"Na hii spana?" Aliweka simu mbele yake, akaikuza picha ya nati. "Ona vile imetafunwa. Sasa ona meno ya spana yako. Hapa kuna pengo, na hapa kwa nati kuna pengo. Ukiniambia tena hukugusa, naenda zangu, na wewe unaenda Kitale kesho. Kuua ni kifungo cha maisha."

Hesbon aliitazama picha. Mabega yake yalishuka.

"Nilikaza," alisema. "Rakini nilikaza vizuri."

"Mbona siku ya kwanza ukasema hukugusa?"

"Watu walikuwa wanasema imekatwa, bana! Afande ananiuliza, 'Wewe uligusa cheni?' Ningesema ndiyo?"

"Ndiyo ungesema ndiyo! Uliikaza lini?"

"Kila Jumapili. Kabla nirudishe."

"Tangu lini?"

"Tangu aweke mpya. Mwezi wa tatu, mwanzo. Hiyo ya kwanza nilimrudishia ikiwa imeregea, akanung'unika. Nikasikia haya. Alipoweka mpya nikasema hii nitakuwa nairudisha ikiwa sawa."

Edinah alihesabu Jumapili kichwani. Kumi.

"Unakaza kiasi gani?"

"Nusu mzunguko. Huku nusu, huku nusu. Tena naiosha."

"Ulimwambia Ngige?"

Hesbon alimtazama kama aliyeulizwa jambo la ajabu. "Madam, wewe si ni wa huku kwetu? Ukiazima sufuria ya jirani, unairudisha tupu? Si unaweka kitu ndani, hata mboga kidogo? Sasa ukishaweka mboga, unampigia simu ati nimekuwekea mboga?"

Mama yake Edinah mwenyewe alimlea hivyohivyo. Kikapu cha watu kinarudi na mayai chini yake, na anayekirudisha anaondoka haraka kabla ya kushukuriwa. Ni desturi nzuri. Hakuna aliyewahi kufikiria ingefika kwenye cheni.

"Na yale maneno ya Kiminini? Hata wewe hutaiendesha?"

"Hasira tu. Nilikuwa nimefikiria bila pikipiki vifaranga vitakufa njiani. Jumapili iliyofuata nilimwomba msamaha, tukacheka." Sauti yake ilipasuka. "Mama Ciru hajui tulicheka. Anasema mimi niliua bwana yake. Nilikuwa nakula kwake, madam."

Nje, chini ya paa la bati, Edinah alimpigia Mathenge.

"Amekubali aligusa cheni? Safi sana," Mathenge alisema. "Hiyo inatosha."

"Haitoshi, bosi. Nusu mzunguko kwa Jumapili kumi ni mizunguko mitano. Mimi nimepata kumi. Na kuna spana ya pili."

"Sasa wewe utapeleka hakimu hesabu ya nati?"

"Nitapeleka mtu wa pili."

"Nani?"

Edinah alikuwa ameanza kushuku tangu Webuye, na hakupenda. Mizunguko mitano ya Hesbon, mitano ya mtu mwingine, Jumapili kwa Jumapili. Nani mwingine aliyekuwa na pikipiki ile kila Jumapili?

"Nitakupigia," alisema.

Wangui, yule Mama Ciru, mjane wa Ngige, aliishi upande wa pili wa Kitale, nyumba ya mabati yenye ua uliofagiwa. Alikuwa amempigia Edinah simu kila asubuhi kwa siku sita, na kila asubuhi swali lilikuwa moja: Hesbon anafungwa lini? Saa kumi jioni alimkuta anaanua nguo. Alipoiona pikipiki ya polisi aliuacha mkono wa shati kwenye kamba.

"Amekubali?"

"Mama Ciru, nina swali dogo kwanza. Pikipiki ya mzee ilikuwa inahudumiwa na fundi gani?"

"Fundi?" Wangui alicheka kidogo, mara ya kwanza Edinah kumwona akicheka. "Fundi ni mimi. Ngige alikuwa hawezi hata kushika spana, atajikata. Baba yangu alikuwa anatengeneza baiskeli Endebess. Nimekulia kwa cheni."

"Lini ulikuwa unaifanyia?"

"Kila Jumapili jioni akitoka Kiminini. Wiki ya maziwa isianze na pikipiki chafu."

"Nionyeshe. Kwa hii yangu."

Wangui alimtazama kwa mashaka, kisha akaingia ndani, akatoka na kikebe cha mafuta taa, mswaki mzee, kitambaa na spana mbili za pete zilizofungwa kwa mpira. Alifanya kazi vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza Edinah. Alisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akazungusha gurudumu la nyuma kwa kidole akisikiliza kama linayumba. Aligonga spoki moja moja kwa mpini wa spana, akaipata moja yenye mlio mzito, akaikaza. Alibonyeza tairi. Alisugua cheni kwa mafuta taa, kipande kwa kipande, akapangusa, akadondosha oil upande wa ndani na kuzungusha gurudumu ili ienee. Kisha akalegeza nati kubwa ya ekseli, akashika spana ndogo, akageuza nusu mzunguko kushoto, nusu mzunguko kulia, akaangalia alama ziwe sawa, akafunga.

"Basi," alisema. "Hivyo tu. Hakuna siku ilinishinda."

"Hukupima cheni."

"Kupima nini?"

"Ulegevu wake. Kwa kidole, hapa katikati."

"Ya nini? Maziwa yanaivuta kila wiki. Baba alisema wiki nzima ya mzigo, nusu mzunguko. Na ilikuwa kweli. Ile cheni ya kwanza ilidumu mwaka."

Ilikuwa kweli, Edinah aliwaza, mradi hakuna mwingine aliyeikaza njiani. Alitamani sana kupiga mtu kelele, yeyote, lakini hapakuwa na wa kupigiwa. Mmoja alinyamaza kwa heshima, mwingine alikaza kwa mapenzi, na kati yao palikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akiwaona wote wawili kila Jumapili na hakuwahi kujua.

"Jumapili ya mwisho alisema nini kuhusu pikipiki?"

"Alisema inakokota. Inavuta nzito, na inalia." Mkono wa Wangui uliokuwa na kitambaa ulisimama. "Nikamwongezea oil. Mbona?"

Edinah aliketi kwenye ngazi ya mlango, sare yake bado mbichi. Alimweleza pole pole, bila kuzunguka: bati lililonyooka, alama ya sita, spana mbili, Hesbon na sufuria isiyorudishwa tupu. Nusu yake ya mchana, nusu ya Wangui ya jioni. Jumapili kumi.

Wangui aliokota spana zake mbili, akazifunga tena kwa mpira.

"Kwa hivyo ni mimi," Wangui alisema.

"Ni cheni, Mama Ciru."

"Usinidanganye, madam. Umetoka Bungoma na mvua yote hiyo kuja kuniambia ni cheni?"

Edinah alitoa karatasi ya taarifa kwenye begi. Ncha zake zilikuwa zimelowa. "Hesbon amekubali alikaza. Peke yake, hayo maneno yanamfunga. Nikiwa na yako, mkuu wangu hawezi kumpeleka mbele ya hakimu kesho. Ataachiliwa."

"Na mimi?"

"Wewe huna kesi. Hakuna korti itakushika kwa hii."

"Sijakuuliza korti."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Edinah hakumkasirikia mtu. Wangui alipangusa vidole kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, hadi kikawa hakina cha kupangusa tena.

"Nipigie huko," alisema. "Nataka kumsikia."

Ilichukua dakika tano za kubembelezana na afisa wa zamu wa Bungoma, ambaye sasa alikuwa amepoteza ufunguo wa pili, kabla simu kufikishwa seli. Edinah aliiweka kwa sauti kubwa kwenye kiti cha pikipiki, katikati yao.

"Hesbon."

"Mama Ciru? Mama Ciru, pole, mimi haki ya Mungu si..."

"Nyamaza kwanza. Ile Jumapili ulikaza ngapi?"

Ikaja sauti ndogo: "Nusu."

"Upande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Mimi pia nusu," Wangui alisema.

Mtu mzima alianza kulia huko seli, kilio cha kuvuta pumzi, na hakuna aliyemnyamazisha. Wangui hakukata simu. Aliivuta karatasi, akaiweka juu ya kiti karibu na simu iliyokuwa inalia, akachukua kalamu na kuweka sahihi chini kabisa ya ukurasa mtupu, kabla neno lolote halijaandikwa. Kisha akamsukumia Edinah.

"Sasa andika," alisema. "Andika vizuri. Wa mwisho kukaza nilikuwa mimi."